Usiku Mmoja

Nyanya yangu hakuamini kilomita. Januari 2019, nilipomwambia kwamba kutoka Nairobi hadi New York ni kilomita 11,840 hivi, alinitazama kama mtu anayetajiwa bei ya kitu asichotaka kununua. "Hizo ni zao," akasema, akarudi kwenye kofia yake. Alikuwa akitia vito, kimoja baada ya kingine, miwani imeshukia puani, mgongo kauegemeza ukutani pale barazani Kibokoni alipokaa kila alasiri ya maisha yangu yote.

Nikamwambia basi ni saa kumi na tano angani. Hizo pia hakuzitaka. Saa kumi na tano za kungojea hospitalini na saa kumi na tano za harusini, alisema, si mamoja, na saa haikwambii ni zipi.

"Nambia ni swala ngapi."

Sikuwa nimeulizwa hivyo kabla. Mimi ni mtu wa takwimu, ndizo nilizoendea huko, na nilidhani nimeshaipima safari ile kwa kila namna inayopimika. Mara ya kwanza, Agosti 2016, nilipitia Dubai: saa moja Mombasa hadi Nairobi, saa tano Nairobi hadi Dubai, saa kumi na nne Dubai hadi New York, na katikati yake kukaa viwanjani ukitazama begi lako kama mtoto wa mtu. Mlango kwa mlango ilinichukua karibu saa thelathini. Swala za safari ile sikuzihesabu, na nyingine, Mungu anisamehe, sikuziswali. Lakini Oktoba 2018 Kenya Airways ilianza kuruka moja kwa moja, Nairobi hadi New York bila kutua popote, na Desemba ile nikaja nyumbani kwa ndege hiyo. Sasa nilikuwa narudi, na Nyanya alitaka kujua narudi umbali gani.

Nikakaa chini kupiga hesabu. Ndege ya kwenda iliondoka Nairobi saa tano na nusu za usiku, au karibu na hapo. Isha imeshaswaliwa. Inaelekea magharibi, yaani inakwenda upande ule ule unaokwenda usiku, na ingawa usiku una mbio kuliko ndege, ndege inajitahidi kuandamana nao. Wakati wa baridi New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Kwa hiyo unakaa gizani saa kumi na tano, unakula mara mbili, unalala, unaamka, unaangalia dirishani, bado giza, unalala tena, na unapotua kule ndiyo kwanza kunapambazuka. Katika muda wote huo swala iliyoingia ni ya alfajiri peke yake.

"Moja," nikamwambia.

Aliisimamisha sindano. "Moja?"

"Alfajiri tu."

Akacheka kile kicheko chake cha bila sauti, mabega ndiyo yanayocheka. "Basi si mbali. Ni usiku mmoja."

Neno hilo likashika nyumba nzima. Mamangu akililia safari yangu, Nyanya humwambia, kwani iko wapi, si usiku mmoja. Majirani wakiuliza, usiku mmoja. Mimi mwenyewe nikalichukua. Nilipokuwa kwenye chumba changu Harlem, theluji imerundikana dirishani na mchele wangu umeungua kwa mara ya tatu katika wiki moja, nilijiambia kwamba ni usiku mmoja tu, na mara nyingi ilitosha.

Siku ile ile ya Januari nilimwonyesha pia njia. Dadangu ana mtoto, na mtoto ana tufe la plastiki. Nikamwomba Nyanya uzi. Nikaushika ncha moja Nairobi, nyingine New York, nikauvuta ukakaza. Ukivuta uzi juu ya tufe, wenyewe unatafuta njia fupi, na njia hiyo siyo ile unayoiona ukipiga mstari kwenye ramani ya ukutani. Uzi ulipita Sudan Kusini, ukaikata Chad, ukaingia Niger na Algeria, ukatokea Moroko, halafu ukaingia Atlantiki na kubaki majini hadi Marekani. Karibu nusu ya safari ni kuvuka Afrika yenyewe. Nyanya alishangaa na hilo kuliko kitu kingine chochote: kwamba saa za mwanzo zote, mtu akilala na kuamka, bado yuko Afrika, na zaidi ni mchanga.

Kisha akaniuliza kibla. Hili nililitarajia. Mombasa na Makka ziko karibu kabisa kwenye mstari mmoja wa kaskazini na kusini, kwa hiyo sisi tunaswali tukielekea kaskazini, na mtoto wa Mombasa hukua akidhani kaskazini na kibla ni neno moja. "Na huko mwaelekea wapi?" Nikamwambia kaskazini mashariki. Akasema haiwezekani, Makka iko kusini zaidi ya New York, vipi watu wageuke kaskazini? Nikampa uzi. Aliushika ncha moja New York, nyingine Makka, akauvuta mwenyewe kwa vidole vilivyoshona kofia miaka sitini. Uzi ukapanda kaskazini kabla ya kuanza kushuka. Akautazama kwa muda mrefu. Akaulegeza, akauvuta tena, kuhakikisha kwamba uzi haumfanyii mzaha.

"Subhanallah," akasema, kisha akauzungusha kwenye kijiti chake, kwa sababu uzi ni pesa.

Safari haikuwa jambo geni kwetu. Babake Nyanya alikuwa baharia wa majahazi. Alisafiri na kusi kwenda Maskati na mbele yake, jahazi limejaa boriti za mikoko, na akarudi na kaskazi. Hiyo ndiyo ratiba iliyokuwepo. Kusi ikishavuma, kuanzia Aprili, unaondoka; kaskazi isipoingia, Novemba au Desemba, hurudi, hata uwe na haraka gani, hata uwe tajiri gani. Njia yenyewe ilichukua zaidi ya mwezi, lakini si njia iliyokuwa ndefu, ni kungoja upepo ugeuke. Msimu mmoja alirudi na kanga na marashi na halua ya Maskati, akapokewa bandarini na kaka yake peke yake, na kaka yake akamwambia kwamba mkewe alizikwa miezi saba iliyopita. Mama wa Nyanya, huyo. Nyanya alikuwa na miaka sita. Alichokikumbuka ni halua: babake hakusema neno, alikaa kitako ukumbini, akakifungua kikapu, akawagawia watoto halua.

Alinisimulia hadithi hii zaidi ya mara moja, na sikumbuki hata mara moja akiisimulia kwa huzuni. Aliisimulia kama mtu anavyosimulia zamani watu walivyochota maji kisimani.

Nirudi kidogo kwenye ndege, kwa sababu watu huniuliza. Kutoka New York kuja Nairobi ni saa kumi na nne, au pungufu kidogo. Kwenda ni kumi na tano. Rafiki zangu wengi wanaamini ni kwa sababu dunia inazunguka, kwamba ndege inayokwenda magharibi inakutana na Marekani ikija. Ingekuwa hivyo, Marekani ingefika upesi zaidi, si polepole. Na haiko hivyo kwa vyovyote: hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Sababu ni upepo. Juu sana, mita elfu kumi na kuendelea, kuna mikondo ya upepo inayokwenda kasi kutoka magharibi kuelekea mashariki. Ukija nao unakusukuma, ukienda unakuzuia. Nyanya nilipomweleza alisema, "Kumbe bado ni kusi na kaskazi." Nikataka kumsahihisha, kwamba huu haugeuki kwa msimu kama ule, nikaona hakuna haja.

Jambo moja zaidi kabla sijafika ninakokwenda. Babu yangu alipofariki, 2013, mimi ndiye niliyeshuka kaburini. Nilikuwa na miaka ishirini. Tulishuka watatu, Mjomba upande wa kichwa, mimi katikati, tukampokea, tukamlaza kwenye mwanandani, tukamgeuza ubavu wa kulia. Nilistaajabu jinsi alivyokuwa mwepesi. Niliporudi nyumbani na udongo kwenye kanzu, Nyanya, aliyekuwa ndani ya eda yake, aliniita chumbani. Akaniuliza kama nilimshika vizuri. Nikasema ndiyo. Akasema, "Na mimi utanishika wewe."

Mtu wa miaka ishirini husema ndiyo kwa kila kitu. Nikasema ndiyo, inshallah.

Juni 2022 simu ililia saa tano usiku. Nilikuwa sijalala. Kwa wasioishi na saa mbili kichwani, niwaeleze hesabu yangu: wakati wa kiangazi New York iko nyuma ya Mombasa kwa saa saba, na kwa kuwa saa ya Kiswahili na saa ya Kiingereza zimepishana kwa sita, basi inayobaki ni moja. Unachukua namba iliyo kwenye saa ya New York, unaongeza moja, hiyo ndiyo saa ya Kiswahili ya Mombasa. Niliigundua mwaka wa kwanza na nikajivunia kama niliyegundua dhahabu. Kwa hiyo simu ilipolia, kioo kinaonyesha 11:00, sikuhitaji kufikiri. Kumi na mbili. Saa kumi na mbili za asubuhi. Na hakuna mtu wa kwetu anayepiga simu Marekani saa kumi na mbili asubuhi kwa heri.

Alikuwa Mjomba. Akanisalimia, akaniuliza hali yangu, akaniuliza masomo. Akaniambia Nyanya yako ametangulia. Baada ya adhana ya alfajiri, alikuwa ametia udhu, akasema apumzike kidogo.

Nikasema yale yanayosemwa. Mjomba akanyamaza, nikasikia nyuma yake mlango wa nyumba yetu ukifunguliwa, ule wa mbele, wenye bawaba inayolia, na sauti za wanawake wakiingia. Kisha akasema, "Tumepanga baada ya alasiri. Lakini wewe ndiye mjukuu mkubwa, na yeye alikuwa na usia wake kwako, sote twaujua. Sema wewe. Tukungoje?"

Nataka kueleza sawasawa kilichopita kichwani mwangu, kwa sababu miaka imepita na nimeshakieleza vibaya kwa watu wengi.

Kwanza nilipiga hesabu. Siwezi kujizuia. Alasiri, mpaka watu wamalize kuswali na jeneza litoke, ni saa kumi jioni ya Mombasa, yaani saa tatu asubuhi kwangu. Kutoka tano usiku hadi tatu asubuhi ni saa kumi. Kilomita 11,840 kwa saa kumi ni kilomita 1,184 kwa saa. Ndege ya abiria huenda kama 900. Sauti yenyewe, kwenye baridi ya kule juu, huenda kama 1,060. Kwa hiyo ningehitaji kuishinda sauti, na hapo nimefika Nairobi tu, Mombasa bado. Nikaikumbuka Concorde, iliyokwenda zaidi ya kilomita 2,100 kwa saa. Lakini Concorde iliacha kuruka 2003, na hata ingalikuwepo isingefika Nairobi bila kutua njiani kuongeza mafuta. Yote haya niliyawaza huku Mjomba yuko kwenye simu. Yalikuwa ni mahali pa kukaa kwa muda mfupi.

Kisha nikafungua kompyuta. Mchana wake kulikuwa na ndege. Kuondoka saa sita na nusu, kufika Nairobi asubuhi ya pili saa tatu na nusu, kuunganisha Mombasa, adhuhuri niko Kibokoni. Nafasi zilikuwepo. Nauli ilikuwa kubwa lakini nilikuwa nayo, kwa kubana. Wakinisubiri, angezikwa siku ya pili baada ya alasiri. Maiti huharakishwa, hilo tumefundishwa wote, lakini kusubiri siku moja kwa ajili ya mtoto aliye safarini kumewahi kutokea mtaani kwetu, na hakuna aliyekufuru.

Lakini viza yangu ilikuwa imekwisha. Ile iliyobandikwa kwenye pasipoti, ambayo ndiyo ya kuingilia. Ilikwisha mwaka mmoja kabla. Kwa sheria niliruhusiwa kubaki ndani, maadamu bado mwanafunzi. Nisichoruhusiwa ni kutoka nikarudi bila kuomba upya. Na kuomba upya ilikuwa ni foleni ya miadi, baada ya Korona, ya miezi, na mwisho wa foleni mtu anayeweza kusema hapana. Nilikuwa mwaka wa sita. Tasnifu ilikuwa imebaki sura mbili. Ningetoka, huenda nisingerudi, na miaka sita ingebaki kwenye chumba cha Harlem pamoja na sufuria zangu.

"Msinisubiri, Mjomba," nikasema. "Maiti haicheleweshwi."

Akakaa kimya. "Una hakika?"

"Mzikeni. Yeye mwenyewe angetaka hivyo."

Sijui kama angetaka hivyo. Neno la viza sikulitaja.

Sikulala. Asubuhi binamu yangu, ambaye ni mdogo kwangu kwa miaka saba, alinipigia, akaniambia anaitia simu kwenye mfuko wa kanzu, nisikate. Nikakaa kitandani nikisikiliza ndani ya mfuko wa kanzu. Kwanza msikiti: takbira, kimya kirefu, takbira. Nne, hakuna rukuu, hakuna sijida. Kisha miguu. Miguu mingi, haraka haraka, na ile tahalili inayopokezana kati ya walio mbele na walio nyuma, na pikipiki inayopita, na mtu anayemwambia mwingine badilisha bega. Nilijua kila kona waliyokata.

Kuna nyaya za baharini zinazotua Mombasa, za kwanza za intaneti ya kasi zilifika 2009, na sauti inapita ndani yake ikiwa ni mwanga. Mwanga ndani ya waya ule huenda kama kilomita laki mbili kwa sekunde. Hata njia ikizunguka, hata mitambo ikichelewesha, kile kilichotokea makaburini kilinifikia kabla sekunde haijakwisha. Babake Nyanya alingoja miezi saba. Mimi nilisikia pumzi za binamu yangu alipokuwa akishuka. Nikamsikia Mjomba akisema, "Polepole, mshike kiunoni, mshike vizuri." Kisha mbao. Kisha udongo, mwanzo kwa kishindo, halafu kishindo kinapungua kadiri udongo unavyoangukia udongo mwenzake. Kisha talakini, na simu ikakata kwa sababu ya chaji.

Nje watu wa Harlem walikuwa wakienda kazini. Nilikuwa nimevaa kofia yake. Nikaivua, nikanawa uso, nikaenda maktaba, kwa sababu sikujua pengine pa kwenda.

Siku zilizofuata nilisifiwa. Hili ndilo lililonichoma. Kwenye hitima, mamangu alinieleza, shehe alitaja kwamba mjukuu wake aliye ughaibuni, aliyempenda kuliko chochote, alipoulizwa alisema maiti haicheleweshwi, na vijana wa leo wangekuwa hivyo. Shangazi zangu walinitumia sauti za WhatsApp wakilia na kuniombea. Rafiki wa shule ya msingi aliandika kwamba imani yangu imempa funzo. Kila mmoja nilimjibu amina. Ukiitikia amina mara ishirini kwa sifa isiyo yako, mara ya ishirini na moja unaanza kutafuta njia ya kuiamini, na mimi nilitafuta. Nilijiambia hata viza ingekuwepo ningesema vile vile. Huenda. Sitajua.

Tasnifu niliimaliza, masika ya 2023. Desemba nikafunga sanduku na kupanda ndege ya kurudi kabisa.

Safari ya kuja mashariki ni kinyume cha ile ya kwenda. Unaondoka mchana, na ndege inaukimbilia usiku uso kwa uso. Safari hii nilihesabu. Adhuhuri niliiswali uwanjani, kwenye pembe ya ukumbi, nimeelekea kaskazini mashariki. Alasiri niliiswali kwenye kiti, bahari chini yetu, jua liko nyuma ya bawa na linashuka upesi kama linalovutwa. Magharibi ikaja nikiwa bado na trei ya chakula mbele yangu. Isha niliichelewesha mpaka taa zikazimwa na jirani yangu akalala. Halafu, mahali fulani juu ya mchanga ule ule uliomshangaza, nikaona mstari mwembamba upande wa mbele, rangi ya chungwa, nikajua ni alfajiri. Nne. Kwenda ni moja, kurudi ni nne. Januari ile sikumwambia upande wa pili wa hesabu, kwa sababu hakuuliza, na kwa sababu sikuupiga.

Mjomba alinipeleka makaburini siku ya pili, baada ya alasiri. Amezeeka, anatembea mkono mmoja nyuma. Kaburi limeota nyasi na mwarobaini mmoja mdogo ambao hakuna aliyeupanda. Tukasoma Yasini. Nilimaliza kabla yake, nikamngoja, na nilipokuwa nikimngoja nikaamua.

Tulipokuwa tunarudi, ndani ya tuktuk, nikamwambia. Kwamba siku ile viza yangu ilikuwa imekwisha. Kwamba ndege ilikuwepo na nauli ilikuwepo. Kwamba habari ya maiti kutocheleweshwa niliisema kwa sababu ilikuwa karibu kinywani. Nilisema yote kwa mkupuo mmoja, kwa sauti, kwa sababu ya injini, na dereva naye akasikia.

Mjomba alitazama nje. Tulikuwa tunapita Makadara, watu wanauza mabuyu na mihogo ya kukaanga.

"Nilijua," akasema. "Mamako aliniambia habari ya viza kabla sijakupigia."

"Sasa kwa nini uliniuliza?"

"Ilikuwa lazima uulizwe."

Nikangoja aendelee, hakuendelea. Akamwambia dereva asimame kwenye kona, akashuka kununua mihogo, akapatana bei muda mrefu kuliko mihogo ilivyostahili, akarudi na karatasi mbili, yangu akaiongeza pilipili bila kuniuliza.

"Ulikuja na ile isiyotua?" akaniuliza.

"Ile ile."

"Saa ngapi?"

"Kumi na nne."

"Na treni kutoka Nairobi?"

Nikamwambia sikuja na treni, niliunganisha ndege. Akatikisa kichwa, akasema treni ningeona ndovu.